Lushoto au Marangu: wapi pa kupanda milima?

Kama una siku tatu nne na hamu ya kutembea, nenda Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Unashuka Mombo, unapanda gari la kwenda juu, barabara inajikunja mlimani hadi joto la bondeni unalisahau. Mji upo karibu mita 1,400. Asubuhi unatembea hadi Irente, unasimama ukingoni mwa jabali na kuiona Mazinde chini kabisa. Kesho yake msitu wa Magamba, wenye vinyonga na mbega. Wenye pumzi huendelea kijiji hadi kijiji mpaka Mtae, wakipita mashamba ya kabichi na kulala njiani. Chukua mwongozaji wa hapo hapo, maana njia zinagawanyika mno.

Marangu ni Kilimanjaro yenyewe. Maporomoko ya Kinukamori, vihamba vya migomba na kahawa, mbege, yaani pombe ya ndizi: siku moja inatosha. Kinachouma ni kiingilio cha hifadhi. Hata ukipanda hadi kambi ya Mandara tu, mita 2,700, na kurudi jioni, unalipa. Lakini kama hujawahi kuuingia msitu wa mlima ule, lipa uende. Masika, kote kuwili ni utelezi mtupu.