Bei ya Kilebu Nairobi: Msiamini Kadi Iliyojaa

Hamjambo, watazamaji wangu, na karibuni tena. Leo mezani pangu hakuna simu wala blenda, bali kadi mbili za chanjo, na hapa chini kwenye mkeka yupo Simba, kilebu wa wiki 11, ambaye mtamsikia akiguguna mguu wa kiti kila nikifika penye jambo la maana. Mmeniuliza kwa nini kilebu wa German Shepherd auzwe shilingi 12,000 na muuzaji mmoja na shilingi 45,000 na mwingine, ilhali wote wawili wanaapa kwamba wao ndio wenye mbwa halisi.

Nimewanunua vilebu wote wawili. Yule wa 12,000 nilimtoa mwaka jana kwenye buti ya gari lililoegeshwa kando ya barabara, katika katoni iliyokuwa na vilebu watano wenye matumbo yaliyotuna kama ngoma. Nilidhani ni shibe, kumbe ilikuwa minyoo, ambayo kilebu huweza kuipata angali tumboni mwa mama yake, na ndiyo sababu mfugaji makini huanza kuwapa dawa wakiwa na wiki 2. Nilipouliza aliko mama, niliambiwa yuko Nakuru, nami nikaridhika.

Sasa itazameni kadi yake. Kilebu alikuwa na wiki 7, lakini mistari yote imejazwa: chanjo tatu pamoja na ya kichaa cha mbwa, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja. Jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa chanjo ya kwanza hutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi karibu wiki ya 16, kwa sababu kinga aliyoirithi kwa mama huweza kuzuia chanjo za mapema zisishike. Siku ya tano alianza kuhara damu. Daktari alipima akakuta ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na baada ya siku tatu za dripu zilizonigharimu shilingi 18,500, kilebu akafa. Nilisugua sakafu kwa Jik, lakini virusi hivyo huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi, kwa hiyo nilingoja karibu mwaka mzima kabla ya kumleta Simba.

Simba, yule wa 45,000, nilimfuata Ngong, nyumbani kwa mfugaji, ambako mama mtu alitoka mwenyewe, akaninusa viatu, kisha akarudi kulala. Mfugaji alinihoji kuliko nilivyomhoji: je, ua wangu una lango linalofungika, na mchana anabaki nani nyumbani? Alikataa pia kupokea amana kwa M-Pesa kabla sijamwona kilebu, na alikataa kumtoa kabla ya wiki 8. Hata hivyo, nilimkata alama mahali pamoja. Jamii hii ya mbwa husumbuliwa na ugonjwa wa nyonga, naye alikuwa na picha za eksirei za mama peke yake, kwa maelezo kwamba dume ni la mtu mwingine.

Bei yake ilijumuisha cheti cha ukoo cha East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa jamii halisi. Cheti hicho huonyesha wazazi ni nani, wala si ushahidi wa afya, kwa hiyo ikiwa hamna nia ya kushindana kwenye maonyesho wala kuzalisha, msikubali kipandishe bei kupita kiasi. Na anayetaka tu mbwa wa kubweka langoni aende kwanza KSPCA, shirika la kulinda wanyama lililoko Karen, ambalo huwatafutia makao mbwa waliookolewa. Mbwa wa kienyeji humsikia mwizi vizuri tu.

Hii hapa ndiyo kadi ya Simba. Ina mistari miwili iliyojazwa, kila mmoja ukiwa na kibandiko kilichotolewa kwenye chupa ya chanjo, chenye nambari ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na sahihi na muhuri wa daktari. Mstari wa kichaa cha mbwa bado ni mtupu, kwa sababu chanjo hiyo hungoja miezi 3. Tuna miadi Jumanne.