Hazina iko ghorofani, kero iko kaunta ya chini

Maktaba ya chuo ninakosomea shahada ya umahiri ningeisifu bila kusita, kama si yule mama wa kaunta ya majarida ya zamani. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Nilimpa kikaratasi chenye namba ya rafu na mwaka 1936, kwa kuwa nilitaka juzuu la jarida la kilimo ambamo mtafiti wa magonjwa ya mimea H. H. Storey, wa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi kahawia wa mihogo. Alikitupia jicho mara moja, akarudi kwenye simu yake, akasema, "Vya mwaka huo vya nini tena? Si muingie mtandaoni kama wenzenu?"

Nilimweleza kwa adabu kwamba katalogi ya kompyuta inaonyesha juzuu lipo, na kwamba msomaji haruhusiwi kuingia stoo mwenyewe. Akajibu kuwa mwenye funguo ametoka, nirudi kesho. Funguo zilikuwa zinaning'inia msumarini nyuma ya kiti chake, zimefungwa kipande cha kitenge. Niliziona, naye aliona kwamba nimeziona. Kesho yake jibu likawa lilelile.

Nilipanda ghorofani nimefura, nikiwa nimekwisha kuamua kwamba maktaba hii haifai kitu. Huko, kwenye kitengo cha machapisho ya kielektroniki, mkutubi kijana aliniwekea kiti na kunifungulia AGORA, mpango ulioanzishwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2003, ambao huwezesha vyuo vya nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya kilimo bure au kwa ada ndogo. Alinionyesha namna ya kuingia nikiwa nyumbani kwa akaunti ya maktaba, na akanishauri nitafute kwa jina la kisayansi la mihogo, Manihot esculenta, pamoja na jina la virusi, badala ya kuandika swali zima. Makala nilizozikosa muhula mzima zilijitokeza papo hapo. Kwa nini hatukuambiwa haya tangu siku tulipopewa vitambulisho, sijui nimuulize nani.

Kisha akashuka mwenyewe, akachukua funguo pale msumarini, akaniletea juzuu langu likiwa na vumbi lake. Yule mama akanigeukia: "Kumbe ndicho ulichokuwa unataka? Si ungesema!"

Kwa hiyo neno la kwamba maktaba haifai nalifuta. Ghorofa ya juu ningeipa alama zote. Ila nikikumbuka kile kitenge, naziondoa nusu, maana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye haya angeambiwa "rudi kesho" na asingerudi tena. Mnaohitaji vitu vya stoo, anzieni juu kwa yule kijana, na muwahi kabla ya saa ya chakula cha mchana, kwani baada ya hapo kaunta zote mbili huwa tupu.