Siti 369 kwa safari ya saa mbili: A350 ya Haneda–Fukuoka kwa jicho la fundi siti

Mimi ni fundi siti. Pale Gerezani, Dar, ukiniletea Coaster iliyochoka, kabla sijagusa sponji nakuuliza kwanza: gari linakwenda wapi? Kama ni la Mbagala, tunabana. Kama ni la Songea, goti lazima lipate pa kukaa. Kwa hiyo nilipokwenda Japani kutafuta siti za mtumba na kumwona dada yangu anayesoma Fukuoka, futi yangu ilikuwa mfukoni, na ndani ya ndege niliitoa. Mzee mmoja wa suti aliyekaa pembeni yangu alinitazama mara moja, akarudi kwenye gazeti lake.

Ndege ni Airbus A350-900 ya Japan Airlines, kutoka Haneda, Tokyo. Umbali ni kama kilomita 900, si mbali na barabara ya Dar hadi Mbeya. Safari ya namna hiyo mimi ningetegemea ndege nyembamba, ile ya njia moja katikati. Hawa wanaleta dude la njia mbili, aina ambayo mashirika mengine yanavukia nayo bahari, na ukikosa hili linakuja jingine baada ya muda mfupi.

Nilidhani ni fahari tu, kumbe ni foleni. Haneda imejaa, nafasi za kuruka na kutua zinagawiwa kwa kuhesabiwa. Fukuoka nayo ilikuwa na njia moja tu ya kurukia mpaka Machi 2025. Kama huwezi kuongeza safari, unaongeza siti. Mchezo huo Wajapani wameanza zamani: mwaka 1973 walipokea Boeing 747SR, jumbo lililoimarishwa mwili ili livumilie kupaa na kutua mara nyingi kwa siku. Baadaye likaja 747-400D lenye siti zaidi ya 500, na zile ncha zilizosimama mwishoni mwa mabawa hawakuliwekea, maana faida yake iko kwenye safari ndefu. Hapo nikawapenda. Huo ni uamuzi wa mwenye daladala anayejua hesabu zake.

Sasa tuingie ndani. Mbele kabisa kuna siti 12 za daraja la kwanza, mbili-mbili-mbili. Zinafuata 94 za Class J, daraja la kati kati ya la kwanza na la kawaida, mbili-nne-mbili. Halafu sisi wananchi, 263, tatu-tatu-tatu. Jumla 369. Shirika hilohilo lina A350-1000 ya safari za nje, iliyoanza Januari 2024 kwenda New York. Hiyo ni ndefu kuliko hii kwa mita 7, lakini inabeba watu 239. Bodi imerefuka na abiria 130 wamepungua!

Wamekwenda wapi? Wamebomolewa siti zao ili mtu mwingine alale. Daraja la kwanza la ndege ile lina siti 6, moja-moja-moja, na la biashara lina 54, kila mmoja na kijumba chake chenye mlango. Halafu weka majiko ya kupashia milo miwili, matoroli yake, maji ya safari nzima, na vitanda vya rubani na wahudumu maana nao ni binadamu. Ndege ya Fukuoka haihitaji hayo. Kwenye daraja la kawaida hakuna chakula, unapewa kinywaji. Mimi nilichukua juisi ya kiwi, kwa sababu mara ya kwanza niliomba chai nikaletewa ya kijani, haina sukari hata chembe.

Nikapima. Kutoka mgongo wa siti hadi mgongo wa siti ya mbele ni inchi 31. Ile ya nje inatoa 33 hadi 34. Goti langu lilibakiwa na vidole vitatu, na mimi si mrefu. Lakini hapa ndipo nilipovua kofia kwa fundi mwenzangu nisiyemjua: mgongo wa siti ni mwembamba na mfuko wa majarida umepandishwa juu, kwa hiyo nafasi wamekupa pale pale goti linapogusa. Kila siti ina skrini, sehemu ya kuchajia simu, na waifai ya bure. Kwenye skrini unachagua kamera ya nje, unaona ndege inavyoukimbilia uwanja. Mlima Fuji uko upande wa kulia ukitoka Tokyo. Nilikaa kulia makusudi, nikaona mawingu.

Hizo inchi 31 kwa saa mbili sina neno nazo. Shirika lililonitoa Dar sitalitaja, ila siti yake ilikuwa karibu hivyohivyo, sponji ngumu kama ubao, kwa zaidi ya saa tisa kwenye mguu mmoja wa safari. Yaani gari la Mbagala limepangiwa Songea. Pale ndipo nilipomkumbuka mteja wangu mmoja niliyembania basi zima kwa kumsikiliza yeye badala ya abiria wake.

Kwetu kosa, kama ni kosa, liko upande wa pili. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania, yaani Boeing 787-8, ilipofika Julai 2018 ilianza kwa kwenda Kilimanjaro na Mwanza, ikiwa na siti 262, 22 kati yake za biashara. Mpangilio ni wa kuvuka bahari, safari ni ya kwenda ziwani. Abiria wa Mwanza alifaidi. Japan Airlines aina hiyohiyo, 787-8, kwa safari zao za ndani wameipa siti 291. Tena angalia hili: kwenye 787 zao za nje daraja la kawaida ni siti nane kwa mstari, mbili-nne-mbili, kwenye za ndani ni tisa, tatu-tatu-tatu. Upana wa bodi ni uleule. Siti moja imeingizwa kwa kunyang'anya kila jirani kidogo.

Nilikuwa na woga mmoja nao nauandika. Watu wote hawa wakitakiwa kutoka ghafla? Tarehe 2 Januari 2024 ndege ya aina hii hii, yenye mpangilio huu huu, ikitokea Sapporo, iligongana na ndege ya walinzi wa pwani wakati inatua Haneda, ikawaka moto. Ndani walikuwemo watu 379. Wote walitoka hai, kwa milango mitatu tu iliyofaa kati ya minane, na mizigo wakaiacha. Kwenye ile ndege ndogo walifariki watano kati ya sita. Baada ya kukumbuka hilo nilirudisha futi mfukoni na kusoma karatasi ya usalama mpaka mwisho, picha zote.

Mengine kwa kifupi. Begi la kilo 20 halina malipo. Chupa ya maji unaruhusiwa kupita nayo ukaguzi kwenye safari za ndani, wanaichunguza kwenye mashine na kukurudishia. Ukichelewa kufika getini, dakika kumi kabla ya muda, wamefunga.

Tulipofika sikuona mtu akisukumana, na bado nilisubiri sana kwenye mstari, maana watu ni watu. Chini kuna treni inayokufikisha stesheni ya Hakata, mjini Fukuoka, kwa dakika tano, yeni 260. Dada alikuwa ananingoja kwenye ngazi. Kurudi Tokyo nililipia nyongeza ya Class J. Futi inasema inchi 38, na safari hii mzee wa pembeni aliomba nimwonyeshe.