Kupima damu kwa mgonjwa wa kidole tumbo: kipimo kizuri, maabara ya kukera

Karatasi ya majibu imerudi na chembe nyeupe 6.2, yaani 6,200 kwa kila maikrolita, na pembeni limeandikwa neno "kawaida". Basi. Hakuna mchanganuo wa aina za chembe, hakuna saa damu ilipotolewa. Mgonjwa mwenyewe amekunja goti la kulia, ukimbonyeza chini ya tumbo upande huo na kuachia ghafla, anaruka. Kilichonipandisha hasira ni mstari wa chini: chembe sahani, zile za kugandisha damu, 41 (yaani 41,000), wakati mtu mzima wa kawaida huanzia 150. Hana doa la damu kwenye ngozi, fizi hazitoki damu. Aliyezoea mashine hizi anajua maana yake: damu imeganda ndani ya kichupa. Donge hunasa chembe sahani kwanza, huweza kubeba na chembe nyeupe, na mashine huhesabu kilichobaki. Kuuliza dirishani kama kichupa kilikaguliwa, jibu likaja bila hata kuinua uso: "Mashine ndiyo imesema. Wewe unajua kuliko mashine?"

Kwa hilo, ndiyo, najua.

Damu hii huwekwa kwenye kichupa chenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, kile cha kifuniko cha zambarau. Ijae mpaka kwenye alama, kisha kichupa kipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10, papo hapo, lebo baadaye. Kukitikisa kwa nguvu hapana, chembe zinapasuka. Mshipa ukisumbua na damu ikakaa ndani ya sindano muda mrefu, inaanza kuganda kabla haijakutana na dawa. Ndiyo maana kabla ya kuipeleka mashineni unazungusha kijiti kikavu ndani ya kichupa. Kikitoka na uzi mwekundu unaoning'inia, sampuli inatupwa na damu inatolewa upya. Sekunde chache tu hizo!

Sampuli ya pili ilitoa chembe nyeupe 15.8, na nyutrofili, aina ya chembe nyeupe inayopambana na bakteria, asilimia 86. Mgonjwa yuleyule.

Nilitaka kukipa kipimo chote nyota moja, lakini ningekuwa nakionea. Chembe nyeupe ni rahisi kupima na huwa za mwanzo kupanda. CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe, huchelewa: inahitaji kama saa 6 hadi 12 tangu uvimbe uanze, na huendelea kupanda mpaka karibu siku ya pili. Ukizisoma pamoja zinasaidiana. Maumivu yaliyodumu kwa muda wa saa tatu na CRP ya chini hayakuambii kitu, ila maumivu ya siku nzima huku chembe nyeupe, nyutrofili na CRP zote zikiwa chini yanakupa sababu nzuri ya kutafuta ugonjwa mwingine. CRP ikiwa juu sana, fikiria kwamba huenda kidole tumbo kimeshatoboka. Sasa niambie, bila saa ya kuanza maumivu na saa ya kutoa damu, namba hizo utazisoma vipi?

Na zisipewe ukubwa zisiostahili. Katika alama za Alvarado za mwaka 1986, zinazokadiria uwezekano wa kidole tumbo, jumla ni 10 na damu inachangia 3 tu: mbili kwa chembe nyeupe kuzidi 10,000, moja kwa nyutrofili kuongezeka. Saba zilizobaki zinatokana na maswali, kipimajoto na mkono juu ya tumbo. Mjamzito anaweza kuwa na chembe nyeupe 14,000 bila ugonjwa wowote. Anayetumia prednisoloni, dawa ya steroidi, chembe nyeupe zake vilevile hupanda. Mzee, au mwenye kinga dhaifu, anaweza kuwa na usaha tumboni huku karatasi inasoma kawaida. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, kipimo cha mimba kitangulie. Mkojo nao unadanganya: kidole tumbo kikilalia kibofu, chembe nyeupe huonekana kwenye mkojo na mtu akapewa dawa za U.T.I. bure.

Kwa hiyo kipimo nakipa nyota nne, ile maabara moja, na hiyo moja ni kwa sababu walikubali kurudia. Tumbo likiwa na shaka na damu ikasema kawaida, mgonjwa abaki chini ya uangalizi, abonyezwe tena na apimwe tena baada ya saa 6 hadi 12, altrasaundi ikiwepo ifanyike. Ongezeko kati ya namba ya kwanza na ya pili mara nyingi lina uzito kuliko namba yoyote ikiwa peke yake.