Ripoti imesema niliinama. Sikuinama!

Jambo hili nimekaa nalo rohoni muda mrefu nikijiambia niliache lipite. Halipiti. Kwa hiyo naandika, hasa kwa ajili ya wenzangu tuliofungwa vyuma mgongoni na tunaotumwa kila baada ya miezi kadhaa kwenda kupiga picha. Ninayemsema ni kituo kimoja binafsi cha vipimo hapa Dar. Kizuri kwa macho, kiyoyozi kinapuliza, maji ya kunywa bure.

Mimi ni fundi cherehani. Pingili ya nne ya kiuno iliteleza mbele juu ya ya tano, mguu wa kushoto ukawa unawaka moto mpaka unyayoni. Dawa zikashindwa, mazoezi yakashindwa, mwaka jana nikapasuliwa: skrubu nne, vyuma viwili vya kuziunganisha, na mfupa wangu mwenyewe uliochotwa nyongani ukapandikizwa kati ya pingili. Upasuaji wenyewe sina neno nao. Shida yangu ni kilichofuata.

Maana wengi hudhani ukishafungwa skrubu kazi imekwisha. Dokta wangu alinielekeza mapema kabisa kwamba skrubu ni za kushikilia tu, zisubiri mfupa uote na kuzifanya zile pingili mbili kuwa kitu kimoja. Hiyo huchukua miezi mingi, mara nyingi mwaka, wengine zaidi. Mfupa usipoota, chuma kinabaki kubeba mzigo peke yake, na chuma nacho huchoka: skrubu hulegea, nyingine hukatika kabisa. Ndiyo maana tunapigwa picha hata kama tunajisikia vizuri. Mimi sikuwa najisikia vizuri. Nikikaa kwenye cherehani kwa muda, kuna maumivu yalianza kurudi chini ya kiuno, upande wa kulia.

Dokta akaniandikia eksirei. Si ile ya kusimama tu. Aliandika wazi, kwa herufi kubwa, nipigwe ya upande nikiwa nimeinama mbele, na nyingine nikiwa nimejikunja nyuma, zote kwa kusimama. Akaweka na namba yake ya simu chini.

Nikaingia kwenye kile chumba. Kijana wa mashine hakunisalimia. Mtoto ambaye ningeweza kumzaa, hakuna shikamoo, hakuna pole mama, ananyoosha tu kidole ukutani.

"Vua mkanda. Simama hapo. Usitikisike."

Nikamwambia, "Mwanangu, dokta ameandika niiname."

"Mwenye vyuma hainami."

"Si uangalie fomu? Ameandika mwenyewe."

"Mama, ukivunjikia hapa nitalaumiwa mimi. Anayeijua mashine ni mimi au ni wewe? Watu wamejaa nje."

Akapiga moja. Akaniambia nisogeze mguu kidogo. Akapiga ya pili. Mara zote mbili nimesimama wima kama mlingoti. Binti yangu alikuwa mlangoni, alisikia kila neno.

Sasa, hofu ya yule kijana naielewa. Mtu aliyetoka kupasuliwa juzi huwezi kumwinamisha ovyo, na kuna kipindi daktari mwenyewe hakuruhusu kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimeshavuka hapo na mwenye mamlaka ya kusema hivyo alikuwa ameandika na kusaini. Namba ya simu ilikuwa pale pale kwenye karatasi. Angepiga. Au angeandika kwenye majibu kwamba mgonjwa hakuinamishwa, basi, tungejua pa kuanzia.

Walichoandika ni hiki. Nimeisoma ile ripoti mpaka nimeikariri: vyuma viko mahali pake, na picha za kuinama na kujikunja nyuma hazionyeshi mjongeo wowote kwenye pingili zilizounganishwa.

Hazionyeshi mjongeo! Utauonaje mjongeo wa mtu aliyesimama wima mara mbili?

Nilipoipeleka, dokta alifungua zile picha mbili kwenye kompyuta, akaziweka ubavu kwa ubavu, akanyamaza. Akachukua kalamu akawa anafuata mstari wa pingili za juu, zile ambazo hazina chuma, kwenye picha ya kwanza kisha kwenye ya pili. Sawasawa. Hata hizo hazikusogea, na hizo ndizo zilizopaswa kuachana vizuri mtu akiinama. Akaniuliza, "Mama, hapa uliinama?" Nikamjibu sikuinama, nilikatazwa. Akasema ripoti hii haimsaidii chochote.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Ukisimama wima, skrubu zinashika kila kitu, picha inatoka safi, hata kama katikati hakuna mfupa ulioota. Kinachomwumbua mfupa ambao haujashika ni kule kuinama. Dokta hupima pembe kati ya pingili mbili ukiwa umeinama, halafu ukiwa umejikunja nyuma, anaangalia tofauti. Alinieleza kwamba kigezo kinachotumika sana ni digrii 5: ikiwa chini ya hapo wanahesabu pingili hazichezi, ikizidi wanaanza kutilia shaka. Hata ikiwa chini ya hapo si ushahidi kamili kwamba mfupa umeunga, ndiyo maana anaangalia na vitu vingine, kama kijiduara cheusi kuzunguka skrubu, ambacho huwa dalili kwamba imelegea. Sasa chukulia dokta mwenye haraka, asiyefungua picha, anayesoma karatasi tu. Angeniambia nimepona. Ningerudi kuinua majora ya vitambaa.

Na mionzi je? Eksirei ya kiuno inapita tumboni na kwenye nyonga, si kama ya kidole. Mionzi ile niliipokea bure kabisa, kisha ikanibidi nipigwe tena. Hakuna aliyenirudishia hiyo.

Nilirudi kudai. Dada wa mapokezi akaniambia, "Lakini picha si zilitoka?" Nikamweleza. Akaniambia pesa hairudi, ila kama nina wasiwasi basi nifanye MRI, kile kipimo cha sumaku, "hiyo inaona kila kitu." Yaani mtu amenikosea kipimo cha bei ndogo, dawa yake ni kuniuzia cha bei kubwa! Na wala si kweli kwamba MRI inaona kila kitu. Ni nzuri kwa mishipa ya fahamu, ni nzuri wakihisi usaha au kidonda cha ndani. Vyuma vyangu ni vya titani, sumaku haivivuti, kwa hiyo kuingia ningeingia salama. Lakini chuma huharibu picha kinapokaa, panakuwa na giza na mawimbi pale pale unapotaka kuangalia mfupa. Dokta alikuwa ameshaniambia: akitaka kuona mfupa umeunga au haujaunga, ataniandikia CT scan, ile eksirei inayopiga mwili vipande vipande. Hakuandika MRI kwa sababu hakuihitaji.

Nilikwenda kupiga upya hospitali ya serikali. Foleni ndefu, benchi limejaa, feni inalia. Lakini yule mama wa mionzi aliisoma fomu yote kwanza. Akaniuliza nimepasuliwa lini, naweza kuinama kiasi gani nyumbani nikiokota kitu. Akanisimamisha ubavu, akanipa kitu cha kushika, akasema, "Inama taratibu mama, ukifika panapouma simama hapo hapo, usijilazimishe." Akaangalia magoti yangu yasikunjike, maana magoti yakikunjika anayeinama ni mguu, si mgongo. Dakika chache tu. Nilitoka pale machozi yakinilenga, si kwa maumivu.

Na picha zikasema. Kulikuwa na mjongeo kidogo, wa kutia shaka, si wa kutisha. Ndipo dokta akaandika CT.

Hapa sasa lazima niseme haki, ingawa inaniuma. CT ya pale hospitali ilikuwa mbovu wiki hizo, nikajikuta narudi kwenye kituo kile kile. Nilikwenda nimekunja uso, niko tayari kwa vita. Nikamkuta binti mwingine kabisa. Shikamoo mama. Akasoma fomu, akaniuliza vyuma ni vya aina gani, akaniwekea mto chini ya magoti kiuno kipate kupumzika. Alinieleza kwamba atachukua vipande vyembamba sana na mashine itavipanga upya, daktari aone mgongo kwa ubavuni na kwa mbele, tena ana namna ya kupunguza ule mng'ao wa chuma. Picha zilitoka hivyo hivyo. Kwenye ubavuni ulikuwa unauona mfupa mpya upande wa kushoto umevuka kutoka pingili moja hadi nyingine kama ngazi iliyokamilika, na upande wa kulia bado una ufa mwembamba mweusi. Upande ule ule unaoniuma! Skrubu hazijalegea. Dokta akasema tusubiri, tusikimbilie kupasua tena, akaninyima diklofenaki, ile dawa ya maumivu, isije ikachelewesha mfupa kuota, akaongeza miezi kabla ya CT nyingine kwa sababu CT moja inabeba mionzi mara kadhaa ya eksirei.

Kwa hiyo mashine wanayo, na mtu anayeijua wanaye. Ukiandikiwa CT ya mgongo wenye vyuma, nenda, ulizia zamu ya binti huyo. Nilikuwa nimeamua kuwapa nyota tatu.

Lakini nikiifungua tena ile ripoti ya kwanza, hapana. Kijana kuwa jeuri, sawa, ujeuri tumeuzoea. Ila kuna daktari aliyekaa akatia sahihi chini ya maneno yanayosema mwili wangu ulifanya kitu ambacho haukukifanya. Hakuangalia, au aliangalia akaona haidhuru. Ni wangapi wameambiwa hawana mjongeo kwa maneno yale yale, wakarudi shambani, wakarudi kubeba zege? Nyota moja, nayo ni ya yule binti wa CT.

Kwa uongozi, kama mnasoma: ripoti ile bado iko kwenye mfumo wenu na jina langu juu yake. Ifuteni, muandike kwamba picha za kuinama hazikupigwa. Habari ya pesa yangu tutazungumza baada ya hapo.