Kona au e-Niro: mama mkwe ndiye aliyeamua

Mwezi wa tano mwaka 2024 nilinunua gari la umeme, Kia e-Niro ya 2021, hapa Leicester, Uingereza, baada ya wikiendi tatu za kuijaribu pamoja na Hyundai Kona Electric ya mwaka huohuo. Zote mtumba, zote betri kubwa ya kWh 64 (yaani uniti 64 za umeme), zote zimetembea maili elfu ishirini na kitu. Kona ilikuwa pauni 14,900, e-Niro pauni 15,300. Nimeshaitembeza zaidi ya mwaka, na kila nikienda kwenye shughuli lazima mtu anivute pembeni kuniuliza. Basi nimeona niandike mara moja.

Haya magari ni ndugu. Hyundai na Kia ni kundi moja la Korea Kusini, na chini ya sakafu utakuta vitu vilevile: mota yenye nguvu ya kW 150 inayovuta matairi ya mbele, betri ya ukubwa uleule, hata tundu la kuchajia liko puani kwa zote mbili. Mimi sikulijua hilo. Nilikesha usiku kadhaa nikichora jedwali. Jedwali likaniambia Kona inafika maili 300 kwa chaji moja na e-Niro 282, kwa kipimo rasmi cha maabara kiitwacho WLTP, nikamwambia mke wangu mambo yamekwisha, tunachukua Kona. Maili kumi na nane! Baridi ya Januari inakula zaidi ya hizo hata hujafika barabara kuu.

Na Kona ni tamu kuendesha, sitasema uongo. Ni fupi kwa sentimita kama kumi na saba, inaingia maegesho ya supamaketi bila kukutoa jasho, na ile niliyoijaribu ilikuwa na kioo kidogo kinachoinuka mbele ya usukani kukuonyesha mwendo. Ukikanyaga mafuta (bado tunasema hivyo, mafuta yenyewe yako wapi) inaruka. Lami ikiwa imelowa, matairi ya mbele yanalia kwanza ndipo gari liondoke. Kosa hilo e-Niro nayo inalo. Nguvu yote ile kwenye matairi mawili, unajifunza kuwa na mguu mpole.

Siku ya Jumamosi ya pili nikampakia mama mkwe kwenye Kona, aliyekuwa ametutembelea kutoka Tanga. Akakaa nyuma yangu. Mimi ni mrefu, kiti changu hukirudisha mpaka mwisho. Tukazunguka kama dakika ishirini, kimya. Tuliposhuka akasema, "Gari zuri, mwanangu. Ila magoti yangu na kiti chako yamesalimiana njia nzima."

Alasiri tukaenda yadi ya pili kwenye e-Niro. Akaingia, akanyoosha miguu, akaweka mkoba chini mbele yake, akasema, "Hapa sasa mtu anakaa." Nilikuja kuangalia baadaye: kati ya tairi la mbele na la nyuma Kona ina mita 2.6, e-Niro mita 2.7. Sentimita kumi tu, nazo zote zimekwenda kwa abiria wa nyuma. Kwenye jedwali langu kipimo hicho hakikuwemo kabisa.

Buti ndiyo iliyomaliza ubishi. Kona lita 332, e-Niro lita 451. Ukisoma namba hizo huoni kitu. Nenda na kigari cha mtoto, masanduku mawili na sufuria kubwa la pilau la kuazima, ndipo utaona. Kwenye Kona sufuria lilibaki nje na muuzaji akawa ananitazama kama mwendawazimu. Familia ya watu watano inayohudhuria harusi za Waswahili wa nchi hii inahitaji buti, kwa sababu hakuna anayekwenda mikono mitupu wala anayerudi mikono mitupu.

Kitu kingine kilichonivuta ni dhamana. Kia hutoa miaka 7 au maili 100,000, nayo inahamia kwa mnunuzi mpya. Gari la 2021 lililonunuliwa 2024 lilikuwa bado na kama miaka minne. Hyundai hutoa miaka 5 kwa gari bila kikomo cha maili, na miaka 8 kwa betri. Kwa mtumba, tofauti hiyo ina thamani kuliko pauni 400.

Wapo watakaokutisha kwamba betri za Kona huwaka moto. Mwaka 2021 Hyundai kweli iliyaita magari ya umeme yapatayo 82,000 duniani, mengi yake Kona, kubadilishiwa betri zenye seli za LG. Lakini fikiria upande wa pili: Kona iliyobadilishiwa ina betri changa kuliko bodi yake. Ukiikuta yenye karatasi za kazi hiyo usiikimbie, omba tu uone karatasi.

Sasa maisha yenyewe. Uniti za kWh ni zilezile za LUKU, umeme wa kulipia kabla kule Tanzania, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Nyumbani nina chaja ya kW 7 na mkataba wa bei ya usiku, senti 7 kwa uniti. Nikiweka uniti 60 natoa kama pauni 4 na senti 20, na gari linakunywa usiku kucha. Njiani ni balaa. Chaja za haraka nimekutana nazo za senti 79 kwa uniti, na hapo kodi ya VAT ni asilimia 20, wakati umeme wa nyumbani unatozwa asilimia 5. Kama huna pa kuchajia nyumbani, rudia hesabu zako kabla hujanunua lolote kati ya haya mawili. Na tangu Aprili 2025 kodi ya barabara tunalipa, ilianza na pauni 195 kwa mwaka. Ile raha ya bure imekwisha.

Desemba tulikwenda harusini Cardiff, maili 150 hivi kwenda tu. Kiangazi ningefika na akiba ya kutosha. Siku ile ilikuwa nyuzi 2, hita inawaka, watu watano na mizigo. Kwa hali hiyo gari langu linatoa maili 200 hivi, si zaidi. Akiba ingekuwa maili 50 tu, basi tukasimama kando ya barabara kuu ya M5. Chaja ya kwanza mbovu, ya pili ina foleni, ya tatu imeandikwa kasi ya kW 150. Nikafurahi bure, kwa maana e-Niro (na Kona vilevile) haipokei zaidi ya kama kW 75 hata ukiibembeleza. Mama mkwe alimaliza uradi wake, akalala, akaamka, bado tunachaji. Kwa safari ndefu za kila wiki, haya si magari yako.

Ndani, dashibodi ya e-Niro ni plastiki ngumu tupu, imekaa kizamani. Tairi la spea hakuna, kwa zote mbili. Unapewa chupa ya gundi na pampu. Mtu aliyekulia barabara ya Handeni hawezi kulizoea jambo hilo.

Kabla hujalipa, fungua buti uhesabu nyaya za kuchajia, hasa ule wa Type 2 wa chaja za mtaani. Wangu haukuwemo. Yule wa yadi aliapa utakuja kwa posta kesho yake, ukaja baada ya wiki mbili na simu sita.