Uzoefu wangu: mita ndogo ya umeme kwa anayefungua laptopu mwenyewe

Mita hii, ile ya mkononi ya kupimia volti na waya uliokatika (multimeter), niliinunua baada ya kuharibu, si kabla. Laptopu ya mdogo wangu ilipasuka kioo, nikaagiza kingine, nikakaa mezani na bisibisi yangu. Mashine nimeizima, chaja nimeichomoa, nikaona umeme umekwisha. Betri nikaiacha ndani. Nikatoa waya nyuma ya kioo cha zamani, nikauchomeka kwenye kipya, ukaingia mshazari kidogo, nikausukuma ukae sawa. Nilipowasha, feni ilizunguka, taa ya kibodi ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi.

Kuzima laptopu hakuondoi umeme kwenye bodi. Betri ya seli tatu ikijaa inabeba volti 12 na ushee, na kwenye laptopu nyingi umeme huo unafika karibu kabisa na soketi ya kioo hata mashine ikiwa imelala. Mle ndani pini za taa ya nyuma, ile inayokipa kioo mwanga, zimepakana na pini nyingine, nafasi kati yake haifiki hata milimita moja. Waya ukiingia upande, zinagusana. Ukiponea chupuchupu, inakatika fyuzi. Usipoponea, umeme huo unapita kwenye njia zilizozoea volti 3.3 au pungufu, na hapo unazungumzia kubadilisha bodi nzima.

Kabla ya mita nilitumia tochi. Nilizima taa ya chumba, nikamulika kioo kwa ubavu, na picha ilikuwapo, hafifu sana. Kwa hiyo kioo kilikuwa kinafanya kazi, kilichokosekana ni mwanga wake tu.

Mita ilipofika, nilichomoa betri kwanza, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki kwenye kapasita, vile vijipande vya bodi vinavyohifadhi umeme, iishe. Nikaiweka mita kwenye alama ya mlio, ambapo inalia njia ya umeme ikiwa nzima, nikagusanisha ncha zake mbili kuhakikisha inalia. Karibu na soketi ya kioo kuna fyuzi ndogo kama punje ya ufuta, imeandikwa F na namba pembeni. Nikagusa ncha zake zote mbili: kimya, yaani imekatika. Nikagusa fyuzi nyingine ya jirani: ikalia papo hapo. Mafundi wenye uzoefu labda wanayazoea haya, ila mimi moyo ulinidunda.

Hapa ndipo naipendea mita hii. Sikukimbilia kubadilisha fyuzi. Nilipima kwanza upande wa pili wa fyuzi hadi kwenye chuma cha ardhi cha bodi (upande hasi), kuona kama kuna shoti. Ingelia, fyuzi mpya nayo ingeungua. Haikulia, nikaweka nyingine ya ampea zilezile. Kuna watu wanaunganisha pale kwa kipande cha waya na kioo kinawaka kweli. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu kosa lijalo halitakuwa na kitu cha kulizuia. Na kama hujawahi kuchomelea kitu kidogo kiasi hicho, hiyo kazi moja mpe fundi. Mimi nilijifunzia kwanza kwenye bodi mbovu.

Mita yenyewe ina mapungufu ambayo lazima niyaseme. Ncha zake ni nene. Siku moja iliteleza ikaunganisha miguu miwili ya chipu, bahati njema hapakuwa na umeme. Sasa nimezivalisha mpira unaosinyaa kwa joto, nimeacha milimita 2 tu za chuma. Betri yake ya volti 9 ikichoka, vipimo vinapanda: chaja ya volti 19 ilinisomea zaidi ya 21, nikaanza kuishuku chaja bure. Alama ya betri ikitokea, badilisha siku hiyohiyo. Na lile tundu la mita la kupimia mkondo hadi ampea 10 nimeliziba kwa utepe, maana ukisahau waya mwekundu mle kisha ukapima volti, umetengeneza shoti kwa mkono wako.

Kazi nyingine sikuitegemea. Nilikuwa na mikanda miwili ya mkononi ya kuzuia umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini, usiruke kwenye chipu. Wenye waya ulisoma takriban megaomu 1 kutoka kwenye bamba linalogusa ngozi hadi kwenye kibanio, kama inavyotakiwa. Ukinzani huo ndio unaokulinda wewe mwenyewe ukigusa umeme mkubwa. Ule usio na waya haukuunganika na kitu chochote, pambo tupu. Nimeuondoa, kwa sababu mwanadamu huhisi mshtuko wa umeme tuli ukifika volti 3,000 hivi, ilhali chipu nyingine huumia chini ya volti 100. Kutohisi kitu mkononi hakuna maana kwamba hujaua kitu.

Tangu siku ile nimebadilisha vioo vingine vitatu na kibodi moja, na kila mara waya wa betri ndio unaotoka wa kwanza na kurudi wa mwisho. Laptopu ya mdogo wangu inawaka hadi leo. Mita naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile ncha nene, maana ni sehemu ambayo mtengenezaji angeweza kuirekebisha kirahisi.